Sanduku la sahani lililotoka Likasi: historia ya muziki uliobaki wakati wenyewe walifukuzwa



Wiki iliyopita mama mumoja wa komini ya Katuba aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na jambo la kunionyesha, na hakutaka kulisema kwa simu. Nilipofika akanivutia sanduku la chuma kutoka chini ya kitanda, lile sanduku la kijani ambalo wafanyakazi wa njia ya reli walikuwa wanasafiri nalo zamani. Ndani mulikuwa sahani za muziki. Tulizihesabu pamoja: 41. Sita zilikuwa zimevunjika.

Sanduku si lake. Baba yake aliliachiwa ku Likasi na jirani, mutu wa Kasai, mwanzo wa mwaka wa 1993. Ninyi wakubwa munajua mwaka ule ni mwaka gani. Jirani alikuwa na muke, watoto, magodoro na chungu, na nafasi ndani ya gari la moshi ilikuwa ya kupigania. Akasema: "Ndugu, unichungie hii. Nikifika, nitatuma mutu." Mutu hakuja. Baba wa mama huyu alikufa, na mama akahamia Lubumbashi na sanduku. Sasa kuna mutu anayepita katika mitaa akinunua sahani za zamani, na amekwisha kumupa bei ya zote pamoja. Mama ameniuliza kama ni vizuri kuuza. Nilimuomba siku saba nisome kwanza yale yaliyo ndani ya sanduku.

Nimesoma. Na niliyokuta ni historia yetu, imepangwa bila mupango.

Tuanze na zile za chini kabisa, ambazo ni nyeusi, nzito, na zinavunjika kama kigae. Hizo ni sahani za mizunguko 78 kwa dakika. Hazikutengenezwa kwa plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotoka kwa mududu mudogo wa India, ukichanganywa na unga wa mawe. Upana wake ni sentimita 25, na kila upande unachukua karibu dakika 3. Ndiyo sababu nyimbo za zamani ni fupi: mupigaji alikuwa anapimiwa na sahani. Sahani za plastiki, zile kubwa za mizunguko 33, zilitokea Marekani mwaka wa 1948, na zile ndogo za 45 mwaka uliofuata. Kwetu huku na kusini kwetu, 78 ziliendelea kuuzwa mpaka miaka ya 1960, kwa sababu watu wengi walikuwa na gramofoni ya kuzungusha kwa mukono. Haikuomba umeme. (Kwa namna umeme unavyokatika siku hizi, labda tungerudilia gramofoni.)

Kwenye vibandiko vya sahani kumi na moja za chini niliona majina ya Kiingereza na ya Kifaransa: Duke Ellington, Glenn Miller, Benny Goodman, na mawili ya Kibelgiji, Fud Candrix na Stan Brenders. Huo ni muziki wa swing, muziki wa orkestra kubwa. Swing haikuwa ya watu watatu na gitaa. Orkestra ilikuwa na watu 12, 15, hata 18: mustari wa tarumbeta, mustari wa tromboni, mustari wa saksafoni, na nyuma yao piano, besi, gitaa na ngoma. Mustari mumoja unaita, mwingine unaitika. Mutu aliyekulia hapa na nyimbo za kazi au za kanisa hashangazwi na jambo hilo. Ni watu weusi wa Marekani waliounda muziki ule, kina Ellington na Count Basie, na Goodman, muzungu, akaufikisha kwa kijana muzungu wa Marekani kuanzia mwaka wa 1935. Katika mwezi wa kwanza wa 1938 akaupeleka mpaka Carnegie Hall ya New York.

Sasa, muziki wa New York ulifika namna gani chini ya kitanda cha mutu wa Likasi?

Njia ya kwanza ni Ubelgiji. Tusisahau kama saksafoni yenyewe ni kitu cha Mubelgiji: Adolphe Sax, aliyezaliwa Dinant mwaka wa 1814. Wabelgiji walipenda jazi mapema, na mumoja wao, Robert Goffin, aliandika kitabu juu ya jazi mwaka wa 1932, wakati ambapo watu wengi wa Ulaya walikuwa wanaiona kama kelele tu. Ku Brussels orkestra tatu ndizo zilizotawala: ya Candrix, ya Brenders, na ya Jean Omer. Brenders alikuwa anaongoza orkestra ya jazi ya radio ya taifa, na mwaka wa 1942 alipiga sahani pamoja na Django Reinhardt. Wakoloni waliokuja kufanya kazi Union Minière na ku njia ya reli walikuja na gramofoni zao na sahani za kwao. Cité ilikuwa inasikia muziki ule kutoka mbali, kupitia madirisha ya muji wa wazungu. Boyi aliyekuwa anapanga nyumba alikuwa anausikia kutoka karibu zaidi.

Njia ya pili ni ya kusini, na kwa Katanga naiona kuwa ndiyo kubwa. Elisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910, na mwaka uleule reli ilifika kutoka Rodezia. Kabla ya kuungana vizuri na Léopoldville, muji wetu uliungana na Ndola, Bulawayo na Johannesburg. Chumvi, viatu, magazeti, na hata namna ya kucheza dansi vilikuja kwa reli ile. Ku Johannesburg, Eric Gallo alifungua duka lake la sahani mwaka wa 1926, na kampuni yake ikawa kubwa kuliko zote za kusini. Kule kulikuwa swing ya watu weusi wenyewe: orkestra ya Jazz Maniacs, waimbaji wa Manhattan Brothers. Wakati Ubelgiji ulishikwa na Wadachi, tangu 1940 mpaka 1944, koloni lilibaki peke yake, na vitu vya dukani vilitoka kusini na Marekani. Sahani mbili za Glenn Miller za sanduku hili zilitengenezwa Afrika Kusini, imeandikwa wazi.

Hapa niruhusiwe kusimama kidogo. Miaka ile ile ambayo Marekani yote ilikuwa inacheza muziki wa Miller, madini ya uraniamu ya Shinkolobwe, kilomita chache kutoka Likasi, yalikuwa yanapelekwa Marekani kwa kutengenezea bomu. Miller alipotea na ndege juu ya bahari tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka wa 1944. Mwaka uliofuata, Hiroshima. Sahani zilikuja huku, mawe yakaenda kule. Sisemi kama mumoja ulilipa mwingine, lakini nilipokuwa nashika sahani ile mukononi niliwaza hesabu hiyo.

Mutu atauliza: je, watu wa hapa walipiga swing? Orkestra ya watu 15 ni gharama. Saksafoni moja ilikuwa inapita mushahara wa miezi mingi. Lakini tarumbeta zilikuwako tangu zamani, katika fanfare za askari na za misioni. Wabenediktini walikuwa na waimbaji wao, Les Chanteurs à la Croix de Cuivre, walioanzishwa na Père Anschaire Lamoral mwaka wa 1937, na mwalimu Joseph Kiwele alitunga Misa Katanga kwa ajili ya waimbaji wa namna ile. Kwa hiyo kusoma noti na kupuliza chuma havikuwa vitu vigeni. Ni fedha ndizo zilizokosekana. Gitaa moja ndilo lililofanya kazi ya orkestra nzima.

Na hapo tunafika kwenye sahani ambayo mimi naona ni ya bei kuliko zote ndani ya sanduku, hata kama mununuzi aliiweka pembeni kwa sababu imekwaruzika. Kibandiko: Gallotone. Jina: Mwenda Jean Bosco. Wimbo: Masanga.

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Muingereza aliyekuwa anarekodi muziki wa Afrika na kufanya kazi na Gallo, alikuta kijana huyu anapiga gitaa barabarani ku Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Bosco alizaliwa mwaka wa 1930, mutu wa Bayeke. Alikuwa anapiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha pili, lakini ukisikia unafikiri ni magitaa mawili. Gumba linashika besi, kidole kinachezesha wimbo juu, na mustari mumoja unajibu mwingine. Ni jambo lile lile la tarumbeta na saksafoni, lakini limeingizwa ndani ya nyuzi 6. Sijui mutu aliyesikia Masanga mara moja na kuisahau. Gallo alitoa sahani, zikaenda mpaka Kenya na Rodezia, na vijana wa Nairobi wakaanza kujifunza kidole cha Katanga. Edouard Masengo, aliyetokea katika kundi la Jecoke la komini ya Kenya hapa hapa, alienda kuishi Nairobi na kujulikana kule kuliko kwao. Mwaka wa 1969 Bosco alialikwa Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la muziki wa kienyeji. Alikufa mwaka wa 1990 kwa aksida ya gari.

Katika sanduku kuna pia sahani za Léopoldville: Ngoma, iliyoanzishwa mwaka wa 1948 na Mugriki Nicolas Jeronimidis, na Opika. Na hapa historia inajikunja. Fud Candrix, yule yule wa orkestra ya swing ya Brussels, alikuja Léopoldville katika miaka ya 1950 na kupuliza saksafoni katika studio ya Opika, wakati swing ilikuwa imekwisha kuzeeka kwao. Mubelgiji mwingine, Bill Alexandre, mupiga gitaa wa jazi, alifika mwaka wa 1953 kwa ajili ya studio ya CEFA na kuleta gitaa la umeme. Kwa hiyo rumba ya African Jazz na OK Jazz ina babu upande wa Cuba, kama kila mutu anavyosema, lakini ina pia mujomba mumoja ku Brussels. Hata kundi la kwanza la Kabasele liliitwa African Jazz, na Franco na wenzake wa 1956 wakajiita OK Jazz. Hawakupiga jazi ya kweli, ila neno lenyewe lilikuwa na heshima yake.

Sahani za swing ziliingia katika nyumba zetu zaidi mwaka wa 1960. Mwezi wa 7, askari wa Force Publique walipoasi, wazungu wa Elisabethville na Jadotville walikimbia na magari kwenda Rodezia. Wengine walirudi, wengine hapana. Vitu viliuzwa kwa bei ya bure, au viliachwa kwa mupishi. Wazee walionieleza wanasema gramofoni nyingi za cité zilitoka hapo. Tarehe 11 ya mwezi ule Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi ya peke yake. Na katika mwezi wa 11, nani anafika Elisabethville? Louis Armstrong, mwenyewe, na tarumbeta yake. Safari yake ya Afrika ililipwa na kampuni ya Pepsi-Cola pamoja na serkali ya Marekani. Alipiga hapa, akala chakula na Tshombe, na wakubwa wa ubalozi wa Marekani walikuja katika muji ambao serkali yao haikuutambua kuwa mukubwa wa inchi. Armstrong alikuwa ameongoza orkestra kubwa ya swing kwa miaka mingi kabla ya 1947. Watu walifurahi kweli, hilo hakuna wa kukana. Lakini Lumumba wakati ule alikuwa amefungiwa nyumbani kwake Léopoldville, na tarehe 17 mwezi wa kwanza wa 1961 aliletwa hapa na kuuawa usiku ule ule. Filamu moja ya Mubelgiji Johan Grimonprez, iliyotoka mwaka wa 2024, imeeleza ginsi jazi ilivyotumiwa kama pazia katika mambo yale. Mwenye nafasi aiangalie.

Mwaka huo huo wa 1961, mwezi wa 8 na wa 9, Baluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kambi ya ONU hapa Elisabethville. Kwa hiyo familia ya sanduku hili, kama ilikuwa huku wakati ule, haikufukuzwa mara moja. Ilikuwa mara ya pili.

Watu wa Kasai waliitwa kuja Katanga. Hilo lazima lisemwe kila mara. Union Minière na reli ziliwaandika kazi, kisha kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikataka mufanyakazi akae na muke wake na watoto, asirudi kwao. Walijenga, walizaa, walizika hapa. Mwaka wa 1992 na 1993 majirani wakaambiwa kama hao ni wageni. Ku gare za Likasi na Kolwezi watu walilala wiki nyingi wakingojea gari la moshi, na wengi walikufa pale pale au njiani. Nani anabeba sahani za kigae katika safari ya namna ile? Mutu anabeba mutoto.

Kisha ukaja umaskini ambao haukuchagua kabila. Gécamines ilikuwa inakufa polepole, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walisaini karatasi ya kuacha kazi "kwa mapenzi yao". Makabati, viti, pikupu na sahani vilienda sokoni. Watoto walirusha sahani hewani kama visahani vya kuchezea. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo na sahani za mujomba wangu, nikiwa na miaka 9, na leo nikikumbuka zile ambazo zilikuwa na kibandiko cha bluu, ninajikunja.

Ndiyo maana sahani imekuwa kitu cha kutafutwa. Wanunuzi wa kweli wako, na si wote ni wabaya. Wengine wameokoa nyimbo ambazo sisi tulikuwa tunapikia. Lakini angalia bei wanavyoipanga. Swing ya Ellington au ya Miller ilitengenezwa kwa mamilioni, na ku Ulaya sahani kama hiyo haina bei kubwa. Ile iliyotengenezwa kidogo, kwa lugha yetu, na muwimbaji wa Jadotville au Elisabethville, ndiyo inayotafutwa. Mununuzi anakusifia Ellington, anakulipa Ellington, na anaondoka na Gallotone chini. Nilimuambia mama hivyo. Alicheka, akasema hata muchuuzi wa mahindi anafanya vile.

Kwa wale wenye sahani nyumbani, maneno machache. Zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, kwa sababu ya chini itavunjika, na ya plastiki itajikunja kwa joto la mabati. Ile ya 78 usiisafishe kwa alkooli hata kidogo: alkooli inayeyusha shelaki. Maji kidogo, sabuni kidogo, kitambaa laini, na kibandiko kisilowe. Usiipige kwa sindano ya mashini ya 33. Mufereji wa 78 ni mupana, sindano ile inazama na kukwaruza. Na kabla ya kuuza, piga picha ya kibandiko pande zote mbili. Nyimbo zilizorekodiwa na Tracey ziko katika maktaba yake, ILAM, aliyoianzisha mwaka wa 1954 na ambayo leo iko katika chuo cha Rhodes, Afrika Kusini. Nyingine nyingi zinategemea masanduku kama hili.

Sasa turudi kwa sanduku lenyewe. Mama wa Katuba amekataa kuuza, kwa sasa. Amesema baba yake alipewa kitu cha kuchunga, hakupewa kitu cha kula. Lakini hatalichunga milele. Nyumba ni ya vyumba viwili, na mvua inapita.

Kwa hiyo tunatafuta mwenyewe, au watoto wake. Familia ilikuwa inakaa Likasi, baba alikuwa mufanyakazi wa reli, na walipanda gari la moshi kwenda Kasai mwanzo wa 1993. Wanaweza kuwa Mbuji-Mayi, Mwene-Ditu, Kananga, Kinshasa, au wamerudi hapa kimya. Jina hatuliandiki. Juu ya kibandiko cha sahani ya Fud Candrix mutu aliandika neno moja kwa kalamu ya mti, na chini yake tarehe ya siku fulani ya mwaka wa 1958. Inaonekana ni siku ya furaha, kwa vile alivyoipigia mistari miwili. Mutu wa familia ile atajua ni neno gani. Atuandikie, au apite kwa muwakilishi wetu ku Katuba, alitaje, na sanduku litatoka chini ya kitanda siku ile ile.

Zile sita zilizovunjika mama amezifunga ndani ya kitambaa. Amesema nazo zitarudishwa.